Usipite Mbele ya Anayetazama Mto

Tarehe 3 Machi

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo. Naandika nikiomba barua hii ikukute umekaa, si umeinama juu ya cherehani, na mguu wako usiwe unakusumbua baridi hizi. Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi, na mume wangu ni mzima. Mume wangu! Nimeliandika neno hilo mara tatu pembeni ya karatasi nikalikata, usije ukaniona mtoto.

Shangazi, huku ni kuzuri hata nashindwa nianzie wapi. Ni kituo cha watu wa mjini kuja kunyamaza. Usicheke. Wanatoka kwenye maofisi yao, wanalipa, halafu wanakaa kimya siku tatu, siku saba. Wewe ulikuwa ukininyamazisha bure miaka yote ile! Kuna vibanda kumi na viwili vya mbao kwenye mteremko, kila kimoja kina kitanda, kiti na dirisha la kutazama msitu. Chini unapita mto. Ukifika getini unatia simu yako kwenye sanduku lenye vidroo, unapewa ufunguo, basi, dunia umeiacha nje.

Mume wangu ndiye anayewatembeza wageni msituni. Wamembandika jina la Bwana Taratibu, maana neno analowaambia ni hilo moja tu, mwendo wa dakika tano wanautembea saa nzima, wakigusa majani na magome ya miti. Akinipita na msafara wake ananikonyeza, moyo wangu unaruka kama wa mwanafunzi. Na asubuhi ananiletea chai kitandani. Kitandani, Shangazi! Nikinywa ananitazama kana kwamba anayeonja ni yeye.

Mimi nimepewa mashuka, mataulo na chupa za chai. Kazi si ngumu, ila ina sheria zake. Hatukimbii. Hatuiti mtu kwa sauti. Na iliyo kubwa kuliko zote: mfanyakazi hapiti mbele ya mgeni anayetazama mto. Ukimkuta amekaa kwenye jiwe, unazunguka kwa nyuma, hata kama furushi la mashuka liko kichwani. Anayekiongoza kituo hiki ni mama mmoja tunayemwita Bi Kimya, kwa sababu ndiye msemaji kutushinda wote.

Sasa nikuulize jambo, na nisipouliza nitakosa usingizi. Siku ya harusi, gari lilipowashwa, nilishusha kioo nikakuita. Nilikuita mara tatu. Ulikuwa hatua kumi tu, umenipa mgongo, unakunja vitambaa vya meza. Hukugeuka. Watu waliona. Nimekukosea nini? Kama ni kwa sababu nimeolewa mbali, niambie. Nimekupigia simu mara nyingi kutoka getini, mtandao unapatikana hapo tu, inaita mpaka inakata.

Bwana Taratibu anakusalimu sana.

Mwanao, bi harusi.


Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu mzima, cherehani nzima, paka kazaa tena kwenye kapu la vitambaa, watoto wanne, mmoja ana uso kama wa yule mwenye nyumba wetu wa zamani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na Mama Sabuni aliyefunga duka lake mapema kwa ajili hiyo. Anasema chai ya kitandani si hoja, ungoje mwaka wa tano ndipo useme nani anamletea nani. Mimi nasema inywe ingali moto.

Simu imekufa. Kioo kimekuwa cheusi kabisa, na fundi anataka hela za kununulia nyingine. Tuandikiane. Mwandiko wako mzuri, niliulipia ada.

Kazi ipo. Nimeweka daftari mezani, mteja anaandika mwenyewe anachotaka: mkono mrefu, mkono mfupi, kola ya namna gani. Inazuia ubishi. Yule mama mnene wa mtaa wa pili aliandika kiuno cha msichana wa miaka kumi na minne, nikamshonea kulingana na macho yangu, akaja kunishukuru.

Birika lako la bluu limeungua, samahani. Nililisahau jikoni mpaka likatoboka.

Siku ya harusi kulikuwa na vitambaa vya kukunja. Hukunikosea kitu.

Mtunze huyo mrefu wako. Kula.

Shangazi yako.


Tarehe 14 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo tena na tena. Nimefurahi kusikia habari za paka, na pole kwa birika. Nitakununulia jingine lenye filimbi kali ya kuamsha mtaa mzima.

Huku mvua zinanyesha, msitu unanukia kama nguo iliyopigwa pasi ikiwa bado mbichi. Jana usiku bati la chumba chetu lilivuja, tukasogeza kitanda mara nne, mara ya nne tukaangua kicheko hadi Bi Kimya akagonga ukuta. Nilimwambia mume wangu, hata bati lote likidondoka mimi nina furaha. Akasema, basi nisihangaike kuliziba?

Nina habari kubwa. Kila mfanyakazi anapewa nafasi moja kwa mwaka ya kumleta ndugu yake akae kama mgeni, bila kulipa. Nafasi yangu ni yako, kabla hata hawajamaliza kunieleza nilishaandika jina lako. Njoo mwezi wa sita, juma la kusikiliza. Ndilo zuri kuliko yote. Mnakaa duara, kila mtu anasimulia, wengine wanasikiliza tu bila kumkatiza. Mnalala chini ya miti na kutaja sauti moja moja: mto, jani, ndege, tumbo la jirani. Kuna hata somo la kula chungwa! Kipande kimoja kwa dakika kumi, unakisikiliza kinavyopasuka mdomoni. Juzi meneja wa benki kafika nusu ya kipande, akaanza kulia, akasema miaka kumi na sita hajawahi kuonja kitu. Nilimpelekea taulo mimi mwenyewe.

Miaka kumi na nane umenishonea, umenipikia, umenisomesha tangu Baba aliponishusha mlangoni kwako nikiwa na miaka sita na kifurushi kimoja. Lini umekaa bila kufanya kitu? Njoo nikutandikie kitanda mimi. Nikuletee chai mimi.

Tena nikiri, nataka uje ili nikuone usoni. Umeniandikia kwamba sikukukosea kitu, lakini umeyaandika kama mtu anayefunga mlango polepole. Nilimpigia Mama Sabuni kuulizia hali yako, akanijibu "Mzima, mzima," akakata. Yeye! Mwanamke anayeweza kukuelezea bei ya sabuni kwa nusu saa!

Sema utakuja.

Mwanao.


Tarehe 20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Sikuweza kuja mwezi huu, na naona mwezi wenyewe unaisha.

Ni msimu wa sare za shule. Nina sketi arobaini za shule ile ya karibu na kisima, na kila mama anataka ya mwanawe iwe ya kwanza. Halafu hilo la kukaa duara na kusimulia, mimi silo langu. Nitawaambia nini watu wa benki? Na chungwa, mwanangu, tangu nizaliwe sijapata dakika kumi za kipande kimoja. Mama Sabuni anasema kama kula chungwa ni kazi, yeye angekula magunia mawili akangoja mshahara.

Mpe nafasi hiyo mama mkwe wako. Atafurahi.

Watoto wa paka wamepata wenyewe, isipokuwa yule mwenye uso wa mwenye nyumba.

Shangazi yako.


Tarehe 8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nafasi haipewi mama mkwe. Nimeandika jina lako, na Bi Kimya hafuti kilichoandikwa kwa wino.

Nilikungoja juma zima la kusikiliza. Basi la kituo lilipoingia siku ya kwanza nilisimama getini na gauni lile la maua ulilonishonea, nikahesabu wageni wakishuka, kumi na mmoja, nikaendelea kutazama mlango wa basi hata dereva alipoufunga. Mume wangu alikuja akanishika bega. Hakusema hata "taratibu".

Usinipe habari za sketi. Nilipokuwa mdogo, ukinikasirikia ulikuwa unasema, yakaisha. Sasa umejifunza wapi kununa? Nasimulia kila mtu huku habari zako, wanakujua mpaka unavyoshika pini mdomoni, halafu mwenyewe hutaki kuniona. Naona aibu.

Nakutumia kadi ya ratiba ya mwaka. Chagua mwenyewe. Usipochagua nitaelewa, na sitauliza tena.

Mwanao.


Tarehe 15 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na uache ukali, unaharibu mwandiko.

Kadi nimeisoma pande zote mbili. Hapo kwenye mwezi wa tisa imeandikwa: "Siku tatu za ukimya kamili. Kuanzia getini hakuna kusema, hakuna kuulizana, hakuna salamu. Anayehitaji kitu aandike." Ni kweli hivyo? Hata wafanyakazi hawasemi na mgeni?

Kama ni kweli, niandike hizo. Nitakuja. Nimeshamwambia Mama Sabuni amlishe paka.

Nitaleta mto wa kulalia niliokushonea. Una pande mbili, ule upande wa maua ni wa kwako.

Shangazi yako.


Tarehe 2 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Natumai ulifika salama. Nimekaa siku kumi na mbili kabla ya kuandika, maana Bi Kimya anafundisha kwamba mtu asiandike akiwa na hasira. Amekosea. Hasira haijapungua, imekaa tu chini kama sukari kwenye chai.

Unajua nilivyokuwa na furaha? Uliposhuka kwenye basi nilikukumbatia mpaka Bi Kimya akakohoa. Nikaweka kidole mdomoni, na wewe ukaweka cha kwako, ukatabasamu kama msichana. Siku tatu nilikutandikia. Niliweka chupa ya chai mlangoni, nikarudi dakika mbili baadaye kuona kama umeichukua. Nilikuona ukitembea nyuma ya mume wangu, umeshika kila gome, hata akaniambia usiku kwa ishara kwamba hajawahi kupata mgeni kama wewe. Sheria sikuivunja hata mara moja, niliyabana maneno yangu yote mpaka kengele ya mwisho.

Kengele ilipolia, kila mtu alinyanyuka. Watu wakaanza kucheka, kushikana mikono, kuulizana majina. Wewe ulibaki kwenye jiwe, unatazama mto. Bi Kimya akaninong'oneza, "Shangazi yako ametulia kutushinda sote, mwache amalize." Lakini mimi sikuweza. Nilikuja nikasimama hatua mbili nyuma yako. Sikupita mbele, hiyo ni sheria yetu, unaijua, nilikuandikia. Nikasema nikiwa pale pale.

Nilisema mengi. Nilikuomba msamaha kwa lolote nililofanya. Nikakuambia jambo ambalo siku ile lilikuwa linajulikana na watu wawili tu duniani, mimi na mume wangu, na nilikuwa nimekutunzia wewe uwe wa tatu. Niliposema nililia. Na wewe hukugeuka. Ulikaa. Halafu ukanyanyuka, ukapangusa gauni, ukafuata njia ile nyingine ya juu, ukaenda zako kwenye basi.

Nilijificha chumba cha kufulia mpaka basi likaondoka.

Na karatasi yako ninayo. Kila mgeni aliambiwa aandike sauti alizozisikia pale mtoni, akaitundike kwenye kamba. Wenzako waliandika maji, upepo, ndege. Wewe uliandika: "Cherehani. Pini zikimwagika sakafuni. Msichana anacheka, anajaribu gauni." Hata hilo ulilifanyia mzaha, kana kwamba hata kuwepo hukuwepo.

Niliyokuambia sitayarudia. Ulikuwa na nafasi yako ya kuyasikia.

Kaa salama.


Tarehe 19 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Mama Sabuni mzima. Paka mzima.

Barua hii nimeianza mara tano, na mara nne nimeitumia kukatia mfano wa kola. Hii ya tano naimaliza.

Sikukusikia, mwanangu. Wala kengele sikuisikia. Sisikii kitu.

Sikio la kushoto liliniacha miaka minne iliyopita, polepole, ukaniona nageuza kichwa ukadhani ni shingo. La kulia lilikuwa linatosha. Siku tatu kabla ya harusi yako, Alhamisi, niliamka nikakanyaga cherehani, nikahisi inatetemeka mguuni, lakini haikuwa na sauti. Nikadhani imeharibika. Nilifungua sahani ya chini, nikatia mafuta. Halafu paka akafungua mdomo mbele yangu bila kutoa kitu, nikajua si cherehani.

Hospitali wameniambia mishipa imekufa, haifufuki. Nilikwenda na Mama Sabuni baada ya harusi, akawa ananiandikia anayosema daktari kwenye karatasi ya kufungia sabuni. Yeye nilimwapisha. Usimlaumu, kiapo kimemtesa yeye kuliko uziwi ulivyonitesa mimi.

Harusini niliona midomo yako ikisema "ndiyo". Watu wote walipopiga makofi nami nikapiga, nikichelewa kidogo. Gari lilipowashwa nilikuwa nakunja vitambaa kwa sababu sikutaka unione ninavyolia, nikajua utakuja unishike bega, maana tangu una miaka sita hukuwahi kuniita, ulikuwa unakuja unanishika bega. Sikujua kwamba bibi harusi hashuki garini. Nilipogeuka palikuwa na vumbi.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Unakumbuka nilipovunjika mguu? Yule mrefu wako alikuwa ameshaleta posa. Ukamwambia angoje mpaka nitembee. Akangoja mwaka mzima, na angekuwa mwingine angekuwa na mke na mtoto sehemu nyingine. Mguu ulikula mwaka wako mmoja, mwanangu. Masikio yangekula yote. Ningekuambia Alhamisi ile, Jumapili kusingekuwa na harusi.

Ndiyo maana sikuja kwenye juma lenu la kusikiliza. Ningekaa kwenye lile duara nikitazama midomo ya watu wa benki. Lakini niliposoma kadi, siku tatu hakuna kusema, anayehitaji kitu aandike, nilicheka peke yangu dukani. Nikasema, kumbe pamejengwa mahali pangu. Na nilikuwa na raha, mwanangu, amini. Siku tatu sikuwa kiziwi. Wote tulikuwa sawa. Nilikutazama ukibeba mashuka, umenenepa mashavu, unatembea kama mtu anayependwa. Nilitosheka.

Pale mtoni nilikaa sana kwa sababu sikujua kama muda umekwisha. Nilinyanyuka nilipoona kivuli cha jiwe kimehama. Nilikutafuta getini mpaka dereva akanivuta mkono. Nilidhani uko kazini.

Na karatasi haikuwa mzaha. Tuliambiwa kwa maandishi tuandike sauti. Niliandika nilizo nazo. Ile ya mwisho ni wewe. Siku ya kujaribu gauni zipu ilikwama, ukacheka mpaka pini ikakuchoma. Hiyo ndiyo sauti yako niliyobaki nayo, na ninashukuru ilikuwa ya kucheka.

Sasa umesema hutarudia. Una haki. Lakini nakuomba, na mimi si mwombaji, unajua. Uliniambia nini?

Shangazi yako.


Tarehe 6 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo.

Barua yako nimeisomea getini, nimesimama, na mume wangu akaja akaisomea begani kwangu. Tumekaa chini pale pale kwenye changarawe. Wageni walipita na mabegi yao, wakadhani ni zoezi.

Nisamehe. Nimeandika neno hilo na halitoshi, nimeliacha hivyo hivyo. Nilikuwa hatua mbili nyuma yako. Mbili! Ningenyoosha mkono. Miaka yote nimekushika bega, na siku ile moja nikashika sheria ya kituo.

Umeniuliza nilikuambia nini. Nilikuambia, "Shangazi, utakuwa bibi. Mwezi wa tano. Nguo zake zote utashona wewe, na akiwa msichana ataitwa jina lako." Hayo ndiyo niliyoyasema. Nilikuwa na mwezi mmoja na nusu wakati ule.

Shangazi, hayupo tena.

Aliondoka tarehe nane Novemba, asubuhi, nikiwa naanika mataulo. Ulipokuwa unaandika barua hii kuniuliza, alikuwa ameshaondoka siku kumi na moja. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimenuna. Nilikuwa nimenuna, Shangazi, nikalala hospitali ya wilaya siku mbili nikitazama ukuta, nikijiambia kwamba hata nikikuambia hutageuka.

Mume wangu ni mwema. Ananishika mkono tunatembea, kwa mwendo ule ule wa wageni, na sasa naelewa kwa nini wengine wanalia kwenye kipande cha chungwa. Bado ananiletea chai. Nainywa ikiwa imepoa.

Lakini huku haturuhusiwi kulia. Hakuna aliyekataza, ila juma hili ni la ukimya, vibanda vyote vimejaa, na sauti inasafiri kwenye mteremko. Nalia kwenye chumba cha kufulia, nimeuma taulo. Halafu nalifua.

Ule mto wako wa kulalia nimeugeuza. Upande wa maua umeloa.

Mwanao.


Tarehe 12 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, roho yangu.

Habari za furaha na za msiba nimezipata kwenye ukurasa mmoja, mstari mmoja ukifuata mwingine. Nilikaa kati ya mistari hiyo miwili tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Hapo katikati nilikuwa bibi. Nimeshona kofia. Ni ndogo, ya kitambaa cheupe kile kilichobaki kwenye gauni lako. Nitaiweka, hatumpi mtu.

Usijibu kwa barua. Mwambie Bi Kimya unaondoka, na huyo mrefu wako akulete mwenyewe, asikutie kwenye basi peke yako. Nimetandika chumba chako. Mama Sabuni amefungua mdomo wake baada ya miezi kumi ya kiapo, kwa hiyo mtaa mzima unajua kwamba sisikii, sina cha kuficha tena.

Ukifika usinigongee wala usiniite, mlango utakuwa wazi. Nitakuwa kwenye cherehani. Usizunguke kwa nyuma. Pita mbele, simama hapo penye mwanga, nikuone.

Halafu ulie. Hapa hakuna mgeni wa kumwamsha, na mimi huwezi kunisumbua. Lia kwa sauti yako yote, usibakize. Nitaweka mkono wangu mgongoni kwako, na sauti ikiwa imeisha nitajua.

Shangazi yako.